Kadio laini au kadio ya kufa mtu: ipi inakata mafuta, na unaipangaje kwenye wiki yako

Ukiingia jimu yoyote ya mjini mabishano utayakuta ni yaleyale. Mmoja yuko kwenye tredmili anatembea zake taratibu simu mkononi, ukimuuliza anakuonyesha kale kachati kenye rangi kwenye mashine, anakwambia hapa ndo mwili unachoma mafuta, ukizidisha spidi unaharibu. Mwenzie pembeni jasho linamtiririka, anakwambia achana na huyo, we piga dakika ishirini za kufa mtu uondoke zako, utaendelea kuchoma mpaka usiku ukiwa umelala. Wote wawili wana kaukweli fulani na wote wawili watakupoteza ukiwafuata mzimamzima, maana swali la kadio, yaani mazoezi ya pumzi na moyo kama kutembea na kukimbia, iwe kali au laini halijibiki mpaka ujue wiki yako nzima ikoje, unakula nini, na kama kuna siku unanyanyua kitu chochote kizito.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usimalize bando bure: kwa mtu wa kawaida mwenye kitambi na kazi ya kukaa, kadio nyingi iwe laini, kidogo sana iwe kali, na vyuma visikosekane. Sasa twende kwanini, alafu unaipangaje.

Kwanza, unataka kupungua uzito au unataka mwili ubadilike?

Watu wengi wanasema "nataka kupungua" alafu wanakimbilia mzani. Mzani haujui tofauti ya mafuta, misuli, maji na ugali wa jana usiku, unajumlisha vyote. Wachukue jamaa wawili urefu sawa, kilo 80 kila mmoja, mmoja mkanda unapita chini ya kitambi, mwingine shati limejaa mabegani na tumbo liko flati. Mzani unawaona sawa. Kwahiyo hapa chini nikisema mwili kubadilika namaanisha mafuta yapungue na misuli ibaki, ikiwezekana iongezeke. Hapo ndo ukali wa kadio unapoanza kuwa na maana, ila sio kwa namna inavyosimuliwa kule kwenye tredmili.

Mwili unachoma nini ukiwa taratibu, na nini ukiwa kasi

Muda wote mwili unatumia mchanganyiko wa mafuta na wanga, ule wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini. Mafuta ni kama mkaa, yapo gunia zima lakini yanachelewa kushika na hayatoi moto mkubwa kwa haraka, wanga ni gesi, unawasha na moto unaruka saa hiyohiyo ila mtungi ni mdogo. Ukitembea, mwili hauna haraka, sehemu kubwa ya nguvu unaitoa kwenye mafuta. Ukianza kukimbia unahitaji nguvu nyingi kwa dakika, mwili unaongeza wanga. Ukikimbia kwa kasi ya mwisho kabisa, karibu kila kitu ni wanga. Kuna utafiti maarufu wa mwaka 1993 ambapo waendesha baiskeli wenye mazoezi walipimwa kwenye ngazi tatu, asilimia 25, 65 na 85 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni, na uchomaji wa mafuta kwa dakika ulikuwa mkubwa pale kwenye 65, sio chini kabisa wala juu kabisa. Kwa ambaye hana mazoezi hiyo pointi huwa chini zaidi, karibu na mwendo wa kutembea haraka.

Kwahiyo ile chati ya mashine haijadanganya, imesema asilimia tu. Shida asilimia haivai suruali. Tufanye hesabu ya haraka. Mwili ukiwa umepumzika unatumia kama kalori 1 kwa kila kilo kwa saa. Kutembea kilomita 5 kwa saa ni kama mara 3.5 ya hapo, kukimbia taratibu kilomita 8 kwa saa ni kama mara 8. Mtu wa kilo 80 akitembea nusu saa anatumia kalori 140, akikimbia nusu saa 320. Tuseme anapotembea asilimia 60 ni mafuta, hiyo ni kalori 84 za mafuta. Tuseme anapokimbia mafuta yameshuka mpaka asilimia 40, hiyo ni kalori 128. Asilimia imeshuka, mafuta yenyewe yameongezeka.

Hapo wa kukimbia anaanza kupiga makofi, subiri kwanza. Huyu wa kutembea anaweza kutembea saa nzima, siku sita kwa wiki, na kesho yake hana hata maumivu, hiyo ni kalori kama 1,680. Wa kukimbia kama ndo kaanza juzi na ana kilo za kutosha, mara tatu kwa wiki nusu saa magoti yanalalamika, hiyo ni 960. Hata ukitoa zile kalori ambazo wangezitumia wakiwa wamekaa tu kwenye kochi, wa kutembea bado yuko mbele. Ndo maana nasema angalia wiki, usiangalie dakika.

Alafu kuna kitu kingine ambacho hakisemwi sana. Mwili unafanya marekebisho ndani ya siku. Ukichoma wanga mwingi asubuhi, masaa yanayofuata unategemea zaidi mafuta ili kulinda wanga uliobaki, ukichoma mafuta asubuhi, baadae unatumia wanga zaidi. Mwisho wa siku kinachoamua kama mafuta yamepungua ni kama ulichokula ni kidogo kuliko ulichotumia. Hii inajibu pia lile swali la kukimbia bila kula: ukijisikia vizuri alfajiri tumbo tupu, kimbia, ukisikia kizunguzungu kula ndizi kwanza, kwenye mafuta ya mwezi mzima haileti tofauti ya kukufanya uteseke.

Na kile cha "utachoma mpaka usiku"?

Kipo, ni kweli, baada ya zoezi kali mwili unaendelea kutumia oksijeni zaidi ya kawaida kwa muda. Shida ni ukubwa wake. Makadirio yanayokubalika ni kama asilimia 6 mpaka 15 ya kalori za zoezi lenyewe. Ukichoma 320, nyongeza ni kama 20 mpaka 50. Hiyo ni kipande cha chapati bwana, tena kipande ambacho umekiacha kwenye sahani sio ulichokula.

Alafu ile tabata inayouzwa kila kona, dakika arobaini za kuruka ruka na muziki, sio ile iliyopimwa kwenye utafiti. Utafiti wenyewe ulitoka Japani mwaka 1996, Izumi Tabata na wenzake waliwaweka vijana wenye mazoezi kwenye baiskeli, sekunde 20 za kukanyaga kwa ukali wa asilimia kama 170 ya uwezo wao wa oksijeni, sekunde 10 kupumzika, mara saba au nane mpaka mtu hawezi tena. Dakika nne basi, kwisha. Na walichopima ni pumzi na uwezo wa kufanya kazi bila oksijeni ya kutosha, hawakupima kitambi cha mtu. Pumzi ilipanda kweli. Lakini hakuna anayefanya ile dakika arobaini, haiwezekani, ukiweza ujue hukuwa unafanya kwa ukali ule.

Tafiti nyingi zilizolinganisha kadio kali ya vipindi na kadio ya wastani ya mfululizo, zikijumlishwa pamoja, zinaonyesha mafuta yanayopungua ni karibu sawa. Faida ya kali ni muda, unapata matokeo yanayofanana kwa muda mfupi zaidi, na pumzi inapanda haraka. Gharama yake ni uchovu, viungo, na kwa watu wengine njaa ya kufungua friji saa nne usiku. Kwahiyo kama una dakika 25 tu kwa siku tatu, ukali una kazi. Kama una muda, huna sababu ya kujiua.

Hapa nataka uwaone Wahadzabe

Hii naiweka kwa sababu iko kwetu Tanzania na wengi hawaijui. Mtafiti mmoja Mmarekani, Herman Pontzer, alienda na wenzake kule Ziwa Eyasi kupima Wahadzabe wanatumia kalori ngapi kwa siku, walitumia maji maalum ambayo ukiyanywa yanawezesha kupima kwa usahihi kupitia mkojo, sio kukisia. Hawa ni watu wanaowinda na kuchimba mizizi, wanaume wanapita kilomita 10 kwa siku kwa mguu. Matokeo yalitoka mwaka 2012 na yakawashangaza wengi: ukiweka sawa ukubwa wa mwili, kalori zao za siku hazikuwa tofauti na za watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukizoea shughuli nyingi unabana matumizi sehemu nyingine. Wanasayansi bado wanavutana kuhusu kiasi gani mwili unabana, lakini funzo la mtaani ni moja, ile hesabu ya kalori niliyofanya pale juu ni ya kwenye karatasi, maisha yanakata kidogo. Na Wahadzabe sio wanene. Tofauti kubwa iko kwenye sahani.

Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Yule mtembeaji wetu wa siku sita, ukitoa zile za kukaa anabaki na kama 1,200 kwa wiki, kwahiyo kwenye karatasi anahitaji wiki 6 na ushee kwa kilo moja, chakula kisipobadilika. Soda ya nusu lita inakaribia kalori 200, yaani saa zima la kutembea limerudi kwa mafunda matano. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama 120, na we unajua mwenyewe mama ntilie anaweka vijiko vingapi kwenye maharage. Sisemi uache kula, nasema kadio bila kugusa soda, mafuta na zile chipsi za usiku ni kazi ngumu yenye mshahara mdogo.

Ila usije ukasema basi kadio ya nini. Mafuta ya ndani, yale yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ndo yanakuletea kisukari na presha, yanapungua na kadio hata kama mzani haujasogea sana. Na waliokwisha pungua, wanaoendelea kutembea na kukimbia ndo wanaobaki wamepungua.

Picha ya Omanyala na Simbu

Kuna picha zinazunguka kila mwaka, mkimbiaji wa mita 100 kajazia misuli, pembeni mkimbiaji wa marathoni mwembamba, chini yake wameandika chagua mwili unaoutaka. Ferdinand Omanyala wa Kenya, aliyekimbia sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021, kifua kile. Alphonce Simbu wetu, aliyebeba dhahabu ya dunia Tokyo 2025 kwenye marathoni, mwembamba. Watu wanahitimisha, basi nikikimbia kwa kasi nitakuwa kama Omanyala na nikikimbia taratibu nitaisha misuli.

Picha ni ya kweli, hitimisho ndo bovu. Wa mita 100 wanabeba vyuma vizito sana kwa miaka, wanakula kwa ajili hiyo, na mwili uliozaliwa na misuli ya kasi ndo unaoenda kwenye mita 100. Wa marathoni mwili mwepesi ndo unaomfikisha pale, uzito kwake ni mzigo wa kubeba kilomita 42. Na cha kuchekesha zaidi, wakimbiaji wa mbio ndefu wa kiwango cha dunia mazoezi yao mengi, kama asilimia 80 hivi, ni ya mwendo laini kabisa. Sehemu ndogo tu ndo ya kuua.

Misuli haiishi kwa sababu umekimbia taratibu. Inaisha kwa sababu unakula kidogo na hakuna kinachoiambia mwili kwamba misuli inahitajika. Mtu akipungua kwa kula kidogo peke yake, kama robo ya kilo alizopoteza inaweza kuwa sio mafuta. Dawa yake ni vyuma mara mbili au tatu kwa wiki na protini ya kutosha, kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili ni lengo zuri ukiwa unapungua. Yai moja ni kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, na dagaa wakavu ndo usiseme, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Sio lazima unga wa kopo.

Lakini ukali ukizidi unagongana na vyuma, hiyo ni kweli. Robert Hickson mwaka 1980 alichukua watu wakafanya vyuma vizito siku tano na kadio kali siku sita kwa wiki, kwa wiki 10. Mwanzoni nguvu za miguu zilipanda sawa na wale wa vyuma tu, kufika karibu wiki ya nane zikakwama na kuanza kushuka. Hakuna mtu wa kawaida anayefanya mazoezi mara kumi na moja ndani ya wiki moja, ila ndo ujue ukipanga mbio za kuua Jumatatu na skwati nzito Jumanne, miguu itakudai.

Unajuaje uko laini au uko kali

Saa janja sio lazima. Wangalie hao wa joging klabu wanaopita barabarani Jumapili asubuhi, wenye fulana za rangi moja na filimbi mbele, mchakamchaka wenyewe. Aliyeko mbele anaimba, kundi linaitikia. Sasa we simama pale wanapokata kona usikilize vizuri. Wa mbele wanaitikia mstari mzima na bado wanapata nafasi ya kumtania bodaboda. Wa katikati wanadaka maneno mawili ya mwisho tu. Wale wa nyuma kabisa, wanaosindikizwa na gari la maspika, midomo iko wazi ila hakuna sauti inayotoka. Spidi ya kundi ni moja, lakini wanafanya mazoezi matatu tofauti. Wa mbele yuko laini, wa katikati yuko wastani, wa nyuma yuko kali na pengine hajui, anajiona mvivu wakati ndo anayefanya kazi kuliko wote pale. Huyo wa nyuma akitoka hapo na kutembea haraka peke yake kwa wiki kadhaa atafika mbali kuliko kufukuzana na kundi.

Kwahiyo kipimo ni hicho: laini ni pale unaweza kuongea sentensi nzima kwa simu na mtu asijue uko wapi, wastani unaongea vipande vipande, kali neno moja moja. Ukitaka namba, chukua 208, toa umri wako uliozidishwa kwa 0.7, hapo unapata makadirio ya mapigo ya juu kabisa. Miaka 40 ni 180. Ile ya zamani ya 220 kutoa umri nayo kwa miaka 40 inakupa 180, ila kwa miaka 60 zinaachana, 166 na 160. Laini ni asilimia 60 mpaka 70 ya hiyo namba, kwa wa miaka 40 ni mapigo 108 mpaka 126 kwa dakika, wastani ni mpaka 144 hivi, kali ni kuanzia 153. Weka vidole viwili shingoni pembeni ya koo, hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Fomula zote hizi zinaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi juu au chini, kwahiyo ikigombana na pumzi yako, amini pumzi. Na kama unatumia dawa za presha zinazotuliza mapigo, kama atenolol, namba hazikuhusu kabisa, tumia kuongea.

Kingine, joto. Januari au Februari Dar, saa tatu asubuhi jua limeshakaa, mwendo uleule uliokuwa laini alfajiri unakuwa wastani, mapigo yanapanda kwa sababu moyo unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe. Punguza spidi usijilaumu. Hiyo mapigo kupanda kwa joto haina maana unachoma mafuta zaidi, na hapohapo nimalizane na wale wa kujifunga nailoni tumboni na kuvaa masweta mawili: kinachotoka ni maji, ukinywa lita moja kilo moja imerudi, na mafuta ya tumboni hayatoki kwa kulipasha joto tumbo. Hata kukata tumbo laki moja hakuchagui mafuta ya pale, mwili ndo unaamua unayatoa wapi.

Sasa wiki yenyewe

Kabla sijaenda: kama una presha isiyotulia, kisukari cha kutumia insulini, uliwahi kupata maumivu ya kifua au kuzimia ukiwa unafanya kitu, au una mimba, hiyo siku ya kadio kali ongea na daktari kwanza. Kutembea kwa wengi wenu ni salama, ukali ndo unataka ruhusa. Na ukiwa katikati kifua kikabana au kizunguzungu kikaja, acha hapohapo, sio suala la roho ngumu.

Mwezi wako wa kwanza kadio ni kutembea tu. Dakika 30 mpaka 40, siku tano, mwendo wa kuwahi daladala inayotaka kuondoka lakini hujaanza kukimbia. Kama muda ni shida shuka vituo viwili kabla, asubuhi na jioni, mwili haujali umezipata kwa mafungu. Siku mbili weka vyuma, na kama huna jimu ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20 tayari: inyanyue kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, ibebe tembea nayo uani, piga skwati, piga pushapu za ukutani ukiwa huwezi za chini. Raundi tatu zinatosha. Watu wanaruka huu mwezi kwa sababu wanaona ni wa wazee, alafu wiki ya tatu goti limevimba wako nyumbani wanaangalia mpira.

Mwezi wa pili, siku mbili kati ya hizo tano geuza ziwe mchakamchaka wa kukata kata, kimbia dakika mbili kwa mwendo wa kuitikia maneno mawili ya mwisho, tembea mbili, kwa nusu saa. Polepole ongeza za kukimbia punguza za kutembea. Kama una zaidi ya kilo 100 na magoti hayataki, usilazimishe, kutembea kupanda mlima kunapandisha mapigo bila kudunda, wa Mwanza na Mbeya mna bahati yenu, wa Dar mna ngazi za maghorofa na mchanga wa Coco Beach, mchanga laini unakula nguvu kuliko lami.

Mwezi wa tatu ndo unaingiza siku moja, narudia moja, ya kadio kali. Pasha mwili dakika 10 kwa kutembea na kukimbia taratibu. Alafu sekunde 30 kwa nguvu, kwenye kilima, ngazi, baiskeli au kamba, dakika mbili kutembea mpaka pumzi irudi, mara sita. Poa dakika 5. Yote inaisha ndani ya nusu saa na ushee. Raundi ya kwanza isiwe ya kufa, lengo ni ya sita ifanane na ya kwanza, ukiona ya nne umeshuka sana ujue ulianza na sifa. Baada ya wiki kadhaa nenda dakika moja kwa mbili, mara sita mpaka nane. Kamba ya kuruka naipenda kwa hili, bei rahisi na inapandisha mapigo fasta, ila ruka chini chini, sentimita mbili tatu tu kutoka ardhini, sio kudunda. Hiyo siku iweke mbali na siku ya skwati nzito, angalau siku moja katikati, na ukiwa lazima uvifanye siku moja, anza na vyuma.

Ukijumlisha hapo umefika kwenye kile Shirika la Afya Duniani wanachotaka, dakika 150 mpaka 300 za wastani kwa wiki au 75 mpaka 150 za nguvu, na vyuma angalau mara mbili. Mfungo ukifika, kadio kali iweke pembeni au isogeze baada ya tarawehe ukiwa umekunywa maji, laini unaweza kuifanya nusu saa kabla ya futari, vyuma usiviache maana mwezi huo ndo misuli inapokwenda.

Kupima

Nunua tepu ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu, asubuhi baada ya chooni kabla ya chai, pumzi umeitoa kawaida sio umebana tumbo. Mara moja kwa wiki inatosha. Mipaka inayotumika sana ni sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, ukipita hapo hatari ya kisukari na moyo inapanda. Mzani upande kama unataka lakini usikutishe, kila gramu ya wanga uliohifadhiwa inakaa na kama gramu tatu za maji, kwahiyo Jumapili ya pilau Jumatatu unaweza kukuta kilo moja na nusu juu na mafuta yaliyoongezeka hayakaribii hata kidogo kiasi hicho. Ile mizani ya jimu inayokutolea karatasi ya asilimia ya mafuta nayo inapima kwa umeme mdogo unaopita kwenye maji ya mwili, ukiipanda baada ya kutoka jasho itakupa namba nyingine, kwahiyo ipande muda uleule hali ileile au usiipande. Kiuno kikipungua na mzani umesimama, usibadilishe kitu, ndo ulichokuwa unakitafuta.

Kiuno na mzani vikisimama vyote wiki tatu nne mfululizo, hapo ndo ubadilishe. Mwili mwepesi unatumia kalori chache kwa mwendo uleule, sio kwamba umerogwa. Anza na sahani, angalia nini kimerudi kimyakimya, mara nyingi ni soda au mafuta. Alafu ongeza dakika 10 za kutembea kwenye siku tatu, subiri wiki mbili, pima tena. Bado? Ongeza uzito kwenye ndoo au hamia madumu mawili. Siku ya pili ya kadio kali iwe ya mwisho kabisa kuongezwa, na ukiiongeza toa siku moja ya mchakamchaka, maana ukiacha zote usingizi utaanza kusumbua, njaa itapanda, na Alhamisi utajikuta umeruka siku ya vyuma.